Mguu wa Kulia wa Mwalimu Breki

Mwalimu wa udereva hapandi gari la mtu kwa raha. Mkaribishe kwenye kiti cha abiria uone: anakaa roho juu, anakanyaga sakafu pasipo na pedali, anavuta pumzi kila unapokata kona, na akishuka anakushukuru kama mtu aliyetolewa kisimani. Sasa chukua huyo, zidisha mara mbili, utampata mtu wa hadithi hii.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, na jina likamkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa kiti cha kushoto cha gari la mafunzo. Usukani uko kulia, kwa mwanafunzi. Mafuta na klachi viko kwa mwanafunzi. Mwalimu yeye ana pedali moja tu chini ya mguu wake wa kulia, nayo ni breki, na silaha yake ya pili ni mdomo. Mwanafunzi akisogelea mtaro, mguu unakanyaga. Mwanafunzi akimwona mchumba wake ng'ambo ya barabara na kusahau dunia, mguu unakanyaga. Hata nyumbani mkewe alikuwa amezoea: akimimina chai na kikombe kikikaribia kujaa, mguu wa mumewe ulikanyaga zulia.

Gari lake mwenyewe hakuwa nalo. Kazini alikwenda kwa miguu, tena kwa mwendo wa pole, akisubiri taa za barabarani hata pasipokuwa na gari hata moja.

Katika chumba cha darasa, juu ya meza yenye barabara za mbao na vigari vya kuchezea, palitundikwa ubao wa bluu ulioandikwa kwa rangi nyeupe: MIAKA 31 BILA KOSA. Namba ilikuwa kwenye kibao kidogo kilichoning'inia kwenye msumari, ili kila mwaka karani wa mapokezi apande kiti na kukibadilisha. Nisiseme uongo, ubao ule aliuagiza mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na majivuno, na majivuno yake yote alikuwa ameyatundika pale ukutani ambapo kila mtu aliyaona.

Siku habari ilipofika alikuwa barabarani na fundi cherehani, mama wa makamo aliyeshindwa mtihani wa leseni mara tatu kwa sababu ileile moja: akikosea, anatafuta wa kumsingizia. Asubuhi hiyo gari lilimzimikia katikati ya mzunguko, magari yakaanza kupiga honi nyuma.

"Mwalimu, klachi hii imelegea," fundi alisema, jasho likimtoka. "Mimi nimeikanyaga vizuri kabisa."

"Fundi, nguo ikimkaa mteja vibaya, unamwambia mwili wake ndio umelegea?"

Fundi akacheka bila kupenda.

"Sema ni mimi, halafu washa gari," Mwalimu Breki alimwambia. "Ukishakosea, ndilo la kufanya. Anayesema si mimi anabaki palepale katikati ya barabara, anapigiwa honi."

Fundi akasema ni mimi, akawasha gari, wakatoka. Simu ya mwalimu ilikuwa imetetemeka mfukoni, lakini yeye hashiki simu gari likitembea. Aliingoja mpaka fundi alipoegesha mbele ya duka la vioo, ndipo akaifungua. Ulikuwa ujumbe wa binti yake aliyeko nje ya nchi. Picha mbili, na chini yake maneno machache: *Baba, usishtuke. Ni ile siku ya basi.*

Picha ya kwanza ilikuwa ya barua ya serikali ya huko. Lugha yenyewe aliijua kwa kuombea maji tu, lakini namba hazihitaji mkalimani. Palikuwa na hamsini, mwendo unaoruhusiwa. Palikuwa na sabini na nne, mwendo wa gari. Picha ya pili hakuitazama vizuri, maana macho yalikuwa yamerudi kwenye ile sabini na nne.

Hebu turudi nyuma miezi miwili, ili ijulikane hilo basi lilitokea wapi.

Binti huyu ni kitinda mimba wao. Ni muuguzi, na kazi yake huko ni kuzunguka na gari nyumba hadi nyumba kuwahudumia wagonjwa wasioweza kutoka: huyu kufungwa kidonda, yule kuchomwa sindano ya sukari, mwingine kubadilishiwa mtungi wa hewa. Mwalimu Breki alikwenda kumtembelea wiki tatu. Asubuhi moja binti alirudi kutoka zamu yuko hoi, macho mekundu, na bado alitakiwa kupeleka dawa mtaa wa pili. Baba akanyoosha mkono, akasema, "Lete ufunguo." Kibali cha kimataifa alikuwa nacho, kimepigwa mhuri. Baridi ilikuwa kali, akavaa koti kubwa la binti yake, wakatoka.

Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo usukani uko kushoto. Hilo mwalimu alilijua vizuri. Kijitabu cha sheria zao za barabarani, kilichotafsiriwa kwa ajili ya wageni, alikisoma chote ndani ya ndege, jalada hadi jalada, wakati wenzake wakitazama sinema. Asilolijua ni kwamba mwili una akili yake. Alipoketi kiti cha kushoto, mwili ulisema, ahaa, tumefika kazini. Hapa ndipo ulipokaa miaka thelathini na mmoja. Na pale kulia aliketi kijana, kama kawaida.

Dakika kumi aliendesha vizuri, hata binti akaanza kusinzia. Mara basi la jiji likachomoka kituoni bila kuwasha taa. Mguu wa kulia ukafanya kilekile ulichokifanya maisha yake yote: ukanyooka, ukakanyaga kwa nguvu ile pedali moja ya mwalimu. Tatizo ni kwamba kwenye gari lile, pale mguu ulipoangukia palikuwa na mafuta.

Gari liliruka. Basi lilibaki nyuma. Juu ya nguzo ya kamera ukamulika mwanga mweupe, pa! Ndipo akili ilipoukuta mguu na kuuondoa, gari likapungua mwendo, likaegeshwa kando, na wote wawili wakabaki wanatazama mbele.

"Gari lako lina hitilafu," alisema Mwalimu Breki.

"Gari halina kitu, baba," binti akajibu, kisha akaanza kucheka kile kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa, na baba naye akacheka, machozi yakawatoka. Walikubaliana mama asiambiwe. Na kwa kuwa siku zilipita bila barua, wakadhani yamekwisha.

Sasa, mbele ya duka la vioo, Mwalimu Breki alishuka garini, akasimama kando ya gurudumu la nyuma, akapiga simu.

"Baba, si jambo kubwa," binti alisema. "Faini nitalipa. Wanachotaka ni jina la aliyekuwa anaendesha. Kuna fomu ya kujaza, nina siku tano."

"Kwani picha haionyeshi?"

"Haionyeshi kitu. Jua lilipiga kioo, sura yako yote imekuwa nyeupe. Abiria huwa wanamfunika kwa kiraka cheusi. Linaonekana koti tu."

Koti lako, mwalimu aliwaza, na wazo hilo likamjia limeshika mkono wazo la pili.

Kwenye mkoba wake, hapo kwenye kiti cha nyuma, ilikuwemo fomu nyingine. Ofisi ya leseni ilikuwa inatafuta mtahini. Miaka tisa alikuwa ameingoja nafasi hiyo, mara mbili ikampita puani, na safari hii mkuu wa ofisi alimwita mwenyewe na kumwambia ailete fomu Ijumaa. Alikuwa ameijaza yote isipokuwa swali la kumi na nne, ambalo alilihifadhi la mwisho kama mtu anayebakiza kipande cha nyama pembeni ya sahani: *Je, umewahi kupatikana na kosa lolote la barabarani, ndani au nje ya nchi?*

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake anapotaka kumbembeleza, "unajua Ijumaa napeleka ile fomu ya utahini."

"Najua, baba."

"Unajua nimeingoja miaka mingapi. Sasa wewe gari ni lako. Koti ni lako. Na huko kwenu vijana mambo haya ni ya kila siku." Alitazama dirishani kama fundi anasikia, akaendelea. "Ungeandika tu jina lako. Yangekwisha."

Taa za njia panda mbele yake zilitoka kwenye nyekundu zikawa kijani kabla binti hajajibu.

"Sawa, baba," binti alisema. "Usijali."

Alimshukuru haraka haraka, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akakata simu. Alipoingia garini fundi alimtazama usoni.

"Kwema nyumbani, mwalimu?"

"Kwema. Washa gari."

Siku mbili zilipita. Alifundisha kama kawaida, lakini karani wa mapokezi aliona kwamba kila akiingia darasani alitazama meza, hakutazama ukuta. Yeye mwenyewe alijiambia ni uchovu. Mtu akiwa na jambo asilotaka kuliona, uchovu ni dawa nzuri sana.

Alhamisi alirudi nyumbani kula chakula cha mchana. Mkewe alikuwa amekwisha kula, anapiga pasi mashati kwenye meza ya sebuleni, na alikuwa na furaha ya mtu aliyetoka kuzungumza na mwanawe.

"Kitinda wako amenichekesha leo," alisema. "Ananiuliza eti baiskeli yenye kikapu kikubwa inaweza kubeba mtungi wa hewa."

"Mtungi wa nani?"

"Wa wagonjwa wake. Anatafuta baiskeli. Baridi yote ile! Nikamuuliza, na gari je? Anasema anataka kufanya mazoezi. Tangu lini yule akapenda mazoezi? Shuleni siku ya mbio alikuwa anaumwa kichwa."

Mwalimu Breki aliweka kijiko chini. Kile kijitabu alichokisoma ndani ya ndege kikamfungukia kichwani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka ule wa adhabu. Huko leseni huwekewa alama. Alama tatu ndani ya miaka miwili, leseni inachukuliwa miezi sita. Aliyafundisha mambo ya namna hii kwa mkate wake wa kila siku, na wakati alipomwomba mwanawe aandike jina, hakuyakumbuka. Au tuseme hakutaka kuyakumbuka.

Akapiga simu palepale, chakula kikipoa.

"Una alama ngapi kwenye leseni yako?"

"Mbili, baba."

"Za nini?"

"Moja nilipita taa ikiwa inageuka nyekundu. Kuna babu mmoja mtungi wake ulikuwa unaisha. Nyingine ni mwendo. Wagonjwa kumi na wanne kwa siku, na saa ni zilezile."

"Na ukipata ya tatu?"

"Miezi sita."

"Na kazi?"

"Wamesema wataona kama kuna kitu cha kunipa ofisini. Kama kipo." Kisha akaongeza upesi, "Lakini si lazima wanifukuze. Wengine huku wanatumia baiskeli."

Maana yake mtoto atamwaga unga, na alikuwa anakwenda kuumwaga kimyakimya, bila hata kusema kwamba sufuria ni nzito.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu, maana mzazi akijibiwa vibaya hupata pa kushika, anaweza kugeuza kibao akagomba. Hili hakuwa na pa kulishika. Hakuuliza. Mtu ambaye kazi yake yote ni kuuliza, umetazama kioo, umetazama nyuma, nani yuko pembeni yako, hakumuuliza mwanawe swali moja.

"Kwa nini ulikubali?" akasema.

"Miaka yote umenishikia breki, baba. Nikaona na mimi nikushikie mara moja."

"Fomu umeshaipeleka?"

"Nimeijaza. Nitaituma nikitoka kwa mgonjwa wa mwisho."

"Usiitume."

"Na Ijumaa je? Na ubao wako?"

"Nimesema usiitume!"

"Baba, nimefika mlangoni, ananisubiri. Tutaongea." Simu ikakatika.

Mkewe alikuwa amesimamisha pasi. Wanawake waliokaa na mume miaka mingi hawahitaji kusikia pande zote mbili za simu. "Lete," alisema, akanyoosha mkono. Mwalimu Breki akampa simu, akamweleza yote, basi, mguu, fomu na ombi lake, huku anatazama sahani. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaifungua ile picha ya pili, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa.

"Koti la mtoto," alisema. "Lakini mkono ni wako. Saa hii inayochungulia kwenye mkono wa koti nilikununulia mimi."

"Najua."

"Huu mkono unakwenda wapi?"

"Mkono gani?"

"Njoo utazame."

Akasogea. Picha ilikuwa ya kijivu, yenye chengachenga. Upande wa dereva, mahali pa uso palikuwa na mwanga mtupu. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshika usukani. Mkono wa kulia haukuwa kwenye usukani. Ulikuwa umenyooka kukata gari zima, kiganja kimefunguka, umetanda chini ya kile kiraka cheusi, pale ambapo nyuma yake alikuwepo binti yake. Hakukumbuka kuunyoosha. Hakuna sehemu yoyote ya kichwa chake iliyokuwa na kumbukumbu ya mkono huo.

"Gari limekuponyoka," mkewe alisema polepole. "Hujui breki iko wapi. Hujui mafuta yako wapi. Na mkono ukajua pa kwenda, ukaenda kumkinga mtoto." Akamrudishia simu. "Halafu juzi, gari limeegeshwa vizuri, umesimama barabarani na akili zako zote timamu, ukajikinga naye."

Hakupaza sauti. Alirudi kwenye pasi, akageuza shati, akaanza kola.

Mwalimu Breki alilia. Nalisema waziwazi kwa sababu mwenyewe hakulificha. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mikono magotini, akalia kama mtu mzima anavyolia, bila sauti, mabega tu, na mkewe akamwacha alie mpaka mashati mawili yalipokwisha. Kisha akamletea maji ya kunywa, kalamu na karatasi.

"Mwandikie kabla hajatoka kwa huyo mgonjwa," alisema.

Alituma kwanza ujumbe wa neno moja, *Nisubiri*, akautuma mara tatu. Kisha akaandika maelezo yake kwa herufi kubwa, kama anavyoandika ubaoni, akayapiga picha na kuyatuma pamoja na nakala ya leseni yake na ile ya kibali. Nayaweka hapa kama alivyoyaandika:

*MIMI NDIYE NILIYEKUWA NAENDESHA. NILIDHANI NIMEKANYAGA BREKI, KUMBE NI MAFUTA. GARI HALIKUWA NA HITILAFU. BARABARA HAIKUWA NA HITILAFU. ABIRIA WANGU HANA KOSA, ALIKUWA AMESINZIA KWA KUCHOKA, KWA SABABU USIKU KUCHA ALIKUWA ANAWAHUDUMIA WAGONJWA WA NCHI YENU. MIMI NI MWALIMU WA UDEREVA.*

Sentensi ya mwisho aliifikiria sana. Mkewe alisema haina haja. Yeye akasema ndiyo yenye haja kuliko zote.

Dakika arobaini zilipita. Chakula kilikuwa kimeganda na hakuna aliyekigusa. Ndipo jibu likaja: *Nimeona. Nimefuta jina langu, nimeandika lako. Neno kwa neno nimewatafsiria, hata la mwisho. Baba, una uhakika?* Naye akajibu kwamba ana uhakika, tena asiende kununua baiskeli, kwa miguu ile ataanguka.

Kesho yake, Ijumaa, darasa lilikuwa na wanafunzi saba, fundi cherehani akiwa wa mbele. Mwalimu Breki aliingia akiwa amevaa shati lenye kola iliyonyooka kuliko zote alizowahi kuvaa. Alipanda kiti mwenyewe, akakitoa kile kibao cha namba msumarini, akashuka nacho. Karani alikuja mbio kutoka mapokezi akidhani mwaka umeisha bila yeye kujua.

"Niweke ngapi, mwalimu?"

"Sifuri."

"Sifuri hatuna. Tuna kuanzia ishirini na sita."

"Basi uache msumari mtupu."

Akawasimulia wanafunzi. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Aliwaonyesha kwa mguu wake, pale kwenye pedali za mazoezi zilizofungwa sakafuni, jinsi alivyokanyaga. Akawasimulia na la simu, la kumwomba mwanawe, na hapo ndipo darasa lilipotulia kabisa, maana kosa la mguu linachekesha lakini hili lingine kila mtu alikuwa na la kwake linalofanana nalo. Alipomaliza, fundi cherehani alinyoosha mkono.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Kwa hiyo klachi haikuwa imelegea?"

"Haikuwa imelegea, fundi."

"Haya. Ilikuwa ni mimi," fundi alisema, na darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka, mguu wake ukakanyaga ile breki ya mazoezi.

Mchana akaenda ofisi ya leseni. Mkuu wa ofisi, mtu mwenye miwani na mihuri mingi, aliipokea fomu kwa mikono miwili, akaipitia huku anaitikia kwa kichwa, mpaka alipofika swali la kumi na nne. Pale palikuwa pameandikwa *Ndiyo*, na mistari mitatu ya maelezo. Akavua miwani.

"Mwalimu, hili limetokea huko nje. Hapa nani angelijua?"

"Aliyekuwa kiti cha pili."

Mkuu akaguna, akaitoa fomu kwenye trei ya kulia na kuiweka kwenye ya kushoto, ambayo ilikuwa imejaa vumbi. "Safari hii haitawezekana," alisema, na ilionekana inamuuma kweli. "Kanuni ni kanuni, wewe mwenyewe ndiye unayetufundishia madereva." Wakapeana mikono. Mwalimu Breki akarudi kazini kwa miguu, akasubiri taa zote. Ilimuuma, asiseme mtu kwamba haikumuuma. Miaka tisa si siku tisa. Njiani alisimama mara mbili kujifanya anafunga kamba za viatu.

Wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi, alikuwa ameketi kiti chake cha kushoto ndani ya gari la mafunzo uani, gari limezimwa, anamngoja fundi cherehani amalize kulipia somo kwa karani. Simu ikaita. Kwenye kioo cha simu akatokea binti yake, amevaa sare, ameketi ndani ya gari lake, nyuma yake nyumba ya matofali na mvua nyembamba.

"Baba, imekwisha! Wamejibu. Kosa limeandikwa kwa jina lako, mimi nimebaki na mbili zangu."

"Alhamdu..." akaanza, kisha akakumbuka kazi yake. "Na hizo mbili zitafutika lini?"

"Moja mwezi wa tisa."

"Basi mpaka mwezi wa tisa nataka uendeshe kama umebeba mayai."

"Nimebeba mitungi ya hewa, baba, ni ileile tu. Na karani wao ameniandikia kitu pembeni, si rasmi. Anasema baba yake naye ni mwalimu wa udereva." Alicheka, kisha akatazama saa. "Nina wagonjwa tisa mbele yangu. Naondoka."

"Kata simu kwanza, ndipo uwashe gari."

"Ndiyo, Mwalimu Breki."

Lakini kidole chake kilikwenda kwenye ufunguo kabla ya kwenda kwenye simu, kwa hiyo baba yake alisikia injini ikiwaka, na mlio wa taa ya kuingilia barabarani ukigonga, tiki, tiki, kisha kioo kikawa cheusi.

Fundi cherehani alikuwa anakuja uani kwa nyuma ya gari, akipanga risiti kwenye pochi. Taa nyekundu za nyuma zilikuwa zimewaka, zote mbili, na hazikuzimika. Alizunguka mpaka dirishani, akainama. Mwalimu wake alikuwa amekaa wima, simu imelala mapajani, anatazama ukuta wa ua mbele yake, mguu wa kulia umenyooka.

"Mwalimu, gari limezimwa," alisema. "Unamkanyagia nani breki?"

"Ngoja kidogo, fundi. Mwanangu anaingia barabara kuu."